Swali Lililoulizwa Mbele ya Mkwe

Saa nne asubuhi Nesi Apolonia alikuwa anamalizia fomu ya Kabula, kimebaki kisanduku kimoja. "Umetumia dawa yoyote ya kienyeji?" alimuuliza. Kabula, aliyeletwa hospitali kutoka kijiji cha Sapiwi kwa uzazi wake wa kwanza, alimtupia jicho mama mkwe wake aliyesimama kando ya kitanda, akainamisha macho.

"Hapana."

Apolonia akaandika hapana. Daktari alisoma fomu, akaagiza dripu ya kuongeza uchungu, kisha akaingia chumba cha upasuaji kwa mgonjwa mwingine.

Kufikia saa sita uchungu haukuwa na pumziko. Tumbo lilikaza na kubaki limekaza. Apolonia aliyasikiliza mapigo ya mtoto, akahamisha kifaa, akasikiliza tena. Themanini kwa dakika, wakati hayatakiwi kushuka chini ya mia na kumi. Akafunga dripu, akapaza sauti daktari aitwe haraka, akamwomba mama mkwe atoke nje.

"Mdogo wangu, niambie ukweli," alisema, safari hii kwa Kisukuma. "Ulikunywa nini nyumbani?"

"Mizizi ya kuharakisha uchungu. Vikombe viwili," Kabula alijibu kwa kilio. "Mayu, mama huyu aliyetoka, alinipa. Ningemsemaje mayu mwenyewe akiwa pale?"

Naye Apolonia ni mkwe wa watu, kule Ipililo. Chumvi ikizidi kwenye mboga ya mama mkwe wake, hula akashukuru. Miaka kumi na moja ya kuuguza, na bado hakukumbuka kumtoa mama wa watu nje kwa dakika moja tu! Alijichukia kabisa, huku akisukuma kitanda mbio kuelekea upasuaji.

Kabula aliokolewa. Mtoto, wa kiume, hakulia.

Mama mkwe, Salu, alikuwa kwenye benchi, kanga ya kumpokelea mjukuu imekunjwa mapajani. Apolonia alimwendea kwa hasira, maana alihitaji mtu wa kumlaumu.

"Mayu, kwa nini ulificha ile dawa?"

Salu alimtazama asielewe. "Nifiche nini, mwanangu? Hata mimi mama mkwe wangu alininywesha hiyo hiyo." Akaingiza mkono kikapuni, akatoa chupa iliyobaki nusu, akamkabidhi bila wasiwasi wowote. "Si nilikuwa nimesimama pale pale? Mbona hukuniuliza mimi?"

Apolonia aliipokea chupa. Habari ya mtoto alikuwa bado hajaisema.