Mshale Ulioelekea Kitengela

"Wacha hesabu za kilomita, mzee. Si zinapungua? Basi unakaribia."

Bosi Otiende aliyasema hayo kwenye redio huku akitafuna hindi la kuchoma. Mimi nilikuwa nyuma yake, katika jiko la kambi, nikikata vitunguu. Upande wa pili, mahali fulani kwenye vichaka vya Kajiado, mjomba wangu Kimeu alikuwa amesimama juani pamoja na wageni wawili aliowapeleka kuvua kambare kwenye bwawa jipya, mbali kuliko tulivyozoea.

"Bosi, mshale wa hii redio mpya unatupeleka upande wa Kitengela. Kambi tumeipa mgongo. Mimi naijua kambi."

"Satelaiti inaijua kuliko wewe. Wageni wakisema umewazungusha, kazi umeiacha hukohuko. Fuata mshale."

Kisu changu kilisimama. Nilijua mshale ule unaenda wapi. Nilijua hata rangi ya zulia la pale unapoenda.

Wiki tatu nyuma mimi na Otiende tulikuwa Kitengela, dukani kwa kijana anayeitwa Melvin. Nilikwenda kwa sababu kulikuwa na unga wa kubeba. Mjomba alikuwa ametutuma jambo moja tu: mchukue redio ile ya vitufe, inayotumia betri za kununua kioski. Melvin aliiweka kwenye kaunta, nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia. Kando yake akaweka nyingine yenye kioo cha rangi. Boksi lake lilikuwa na picha ya mtu ameshika bunduki mkono huu na samaki mkono ule.

"Hapa kwetu bunduki ni jela," Melvin alicheka, "lakini samaki ruhusa. Hii inashika kilomita hamsini, mkubwa."

Waliijaribu mle mle dukani. Otiende alisimama mlangoni, Melvin nyuma ya kaunta, hatua nane kati yao. "Unanisikia?" "Nakusikia vizuri sana!" Wakafurahi kama watoto.

"Na ukipotea?" Otiende aliuliza.

"Unaona hii picha ya kanyumba? Naibonyeza hivi, inashika mahali tulipo. Ukipotea huko porini unagusa hapa, mshale unakurudisha."

Akabonyeza, tukiwa tumesimama kwenye zulia jekundu la duka. Kisha akaizima na kuirudisha kwenye boksi, Otiende akailipia.

Nilisema, "Lakini hapa si kambini—"

"Kaluki," Otiende alinikatiza bila kunitazama, "shule uliachia la ngapi?"

"La sita."

"Basi wacha wa chuo amalize."

Melvin alicheka. Nikaangalia viatu vyangu. Njia nzima ya kurudi, unga ukiwa mapajani, nilijiambia kwamba wakifika kambini watabonyeza upya, watu wasomi kama hao. Sikuona mtu akibonyeza. Kila asubuhi niliiona ile mashine ikining'inia msumarini, na kila asubuhi nikapita na ndoo yangu.

Sasa redio ikakoroma tena. Sauti ya mjomba ilikuwa imekauka. Maji yake, nilikuja kujua baadaye, alikuwa amewapa wageni.

"Bosi, inasema bado kilomita hamsini na tatu."

"Endelea."

Nilikata vitunguu vyote. Halafu nikakata na vya kesho. Lisaa lizima nilikata, nami najua ni lisaa kwa sababu maharagwe yaliiva mpaka yakaanza kushika sufuria. Hasira ninayoibeba leo sehemu yake ni ya Otiende na sehemu ni ya Melvin, lakini lisaa lile ni langu peke yangu, na sijapata mtu wa kugawana naye.

Niliponyakua redio, Otiende aliacha mdomo wazi.

"Mjomba, geuka. Huko ni dukani. Geuka!"

Redio haikujibu. Betri yao ya ndani ilikuwa imekwisha.

Tuliwapata jioni, upande ule wa Kitengela. Wageni walikuwa wamekaa kivulini, wamechoka tu. Mjomba alikuwa amelala kando yao, midomo imepasuka, hajui jina lake.

Hospitalini daktari alisema figo zimeumia. Siku ya nne Otiende alifika na karatasi, akasimama ukumbini akimngoja muuguzi atoke. Ilikuwa imeandikwa kwamba mzee Kimeu aliupuuza mshale akapoteza wageni kwa ujuaji wake. Aweke kidole tu. Wageni walitaka maelezo, alisema, na kambi ilihitaji jina safi.

Muuguzi alipokuwa akibadilisha dripu, mjomba alinishika mkono.

"Kwenye redio ulisema dukani. Ulijua lini?"

Mjomba huyu ndiye aliyenilea. Hajawahi kunifokea hata siku moja. Ningependa angenifokea siku ile.

"Tangu siku waliponunua."

Aliuachia mkono wangu.

"Umemwambia Otiende?"

"La."

"Basi yuko hapo nje. Mwambie sasa. Usifunge mlango, nataka kusikia."

Muuguzi alishika chupa ya dripu bila kusogea. Nilivuka kile chumba, nikafungua mlango mpaka ukagusa ukuta. Otiende aliinua kichwa, kalamu mkononi, akatabasamu.

"Amekubali?"

"Otiende," nilisema. Sikuweka neno bosi mbele ya jina lake. "Kaa chini."

Akakaa.