Sekunde Arobaini na Sita

Pale kiwandani washona kola walikuwa na desturi moja ambayo haikuandikwa popote: Bwana Sekunde, mpima kasi wa kiwanda, akikusimamia na saa yake ya kupimia, unashona kwa mwendo wa kinyonga. Uzi unaukagua mara mbili. Kitambaa unakinyoosha hata kama hakina kunyanzi. Maana mwendo atakaokukuta nao ndio atakaouandika ubaoni kuwa lengo la wote, na lengo likishapanda halishuki.

Kitinda, aliyeitwa hivyo kwa kuwa alikuwa mziwanda wa kwao, aliijua desturi hiyo fika. Alifundishwa na dada yake mkubwa, aliyekaa cherehani ya jirani, ambaye ndiye aliyemlea na kumtafutia kazi hiyo. Lakini siku ile mwalimu wa mwanawe alikuwa amemwita shuleni, na ruhusa aliyopewa ilikuwa na sharti: amalize kwanza furushi lake la kola, ndipo aende. Akashona kama anafukuzwa. Hata nyuma hakugeuka. Angegeuka, angemwona Bwana Sekunde amesimama na saa yake, meno yote nje.

Kesho yake ubao ukasema kola mia tano na hamsini kwa siku, badala ya mia nne. Kola moja kwa sekunde hamsini. Ukitoa muda wa kula unabaki na dakika chache za kwenda chooni, nazo uzigawe vizuri. Asiyekaa kwenye cherehani kila kazi huiona nyepesi, na huyu bwana hata kifungo cha shati lake alishonewa na mkewe.

Asiyefikia lengo siku sita mfululizo alifukuzwa. Dada, kwa macho yake yaliyofifia na mgongo wake uliochoka, alijikaza kisabuni na kuishia mia nne na thelathini. Wenzao hawakumtukana Kitinda. Walimpa tu mgongo alipopita, na hilo lilimuuma zaidi. Dada mwenyewe hakumlaumu hata kidogo. Aliacha tu kunywa chai, asije akahitaji kwenda chooni.

Nyumbani nako ikawa mbio mtindo mmoja. Mtoto alioshwa kama kikombe, mpaka akalalamika kwamba sikio moja limesahauliwa. Mume akianza kisa cha kazini kwake, Kitinda alimwomba aruke mpaka mwisho.

Siku ya tano yakamfika shingoni, akaenda ofisini. Akaeleza kwamba siku ile alikuwa na haraka ya mtoto, kwamba ule si mwendo wa binadamu wa kila siku, na akaomba apimwe upya. Bwana Sekunde alimsikiliza huku akiangalia saa. Akasema hakuna neno, atampima tena kesho asubuhi, na atakachokipata ndicho kitakachoandikwa.

Kesho hiyo ndiyo ilikuwa siku ya sita ya dada.

Asubuhi chumba kizima kilikuwa na habari. Dada akamwinamia Kitinda.

"Polepole, mdogo wangu. Ukifika kwenye ncha ya kola, simama kwanza uvute pumzi."

Bwana Sekunde akabonyeza saa. Kitinda akajiambia polepole, na kichwa kikakubali. Ncha ya kwanza ikaja, akakusudia kusimama, akashtukia ameshaipita. Akataka kuukagua uzi, kumbe mkono umeshaukata. Mguu ulikandamiza kanyagio, naye akautazama kama mguu wa mtu mwingine. Alitamani kulia kwa hasira. Kola ikaangukia kikapuni.

"Arobaini na sita," Bwana Sekunde akasema, na furaha yake ilikuwa ya kweli. "Na leo huna haraka."

Akaenda zake ubaoni. Dada akamgeukia Kitinda.

"Tulikubaliana nini?"

"Nimejaribu, dada. Haki ya Mungu nimejaribu. Mikono hainisikii tena."

Dada akaishika ile mikono, akaiachia taratibu. Hakuwa na hasira, na Kitinda angependa awe nayo. Dada hakungoja afukuzwe jioni. Alichukua mkasi wake na miwani yake, akazima taa ya cherehani, akaanza kwenda mlangoni.

Kitinda alitaka kuinuka amfuate, walau amsindikize hadi nje. Lakini kola nyingine ilikuwa tayari chini ya sindano, na mguu ulikuwa umeshakanyaga.