Mjeledi wa Chumba cha Kulia

Saa nne kasoro dakika tano asubuhi, fundi cherehani aliegesha gari mbele ya nyumba ya tatu ya kale katika safari yao ya utalii, akamwamsha mdogo wake aliyekuwa anakoroma huku ramani imemfunika uso. Nyumba mbili za kwanza walizitembelea jana: moja ilikuwa na ngazi za marumaru, nyingine bata. Hii ilisifiwa kwa bustani yake ya mawaridi.

"Dada, tukitoka hapa tule," mdogo wake alisema. Alikuwa dereva wa lori mstaafu, mtu wa miraba minne.

Mwongozaji aliwapokea pamoja na wageni wengine sita, akawapitisha sebuleni, maktaba, kisha chumba cha kulia. Picha ya bwana wa kwanza wa nyumba ilitazama meza ndefu. Chini yake, kwenye msumari, palitundikwa mjeledi wa ngozi.

Saa nne na nusu mjeledi ulijitungua. Ulipita mbele ya wageni mmoja mmoja ukiwanusa magoti, ukasimama kwa dereva.

"Una ukoo hapa," mwongozaji alimwambia. "Vua shati, kaka, lisiharibike. Na usogee huku, damu haitoki kwenye hilo zulia."

Dereva akavua. Pigo la kwanza lilimpigisha magoti. La nne lilipasua ngozi, na kufikia la kumi nyama ya mgongo ilikuwa nje kama bitana ya koti lililofumuka. Fundi alipiga moyo konde, akaukamata mjeledi kwa mikono miwili. Ukamburuta hadi ukutani, ukamvunja kidole cha mwisho, ukarudi kazini. Mgeni mmoja aliuliza meza ile ni ya mti gani.

"Msaji," mwongozaji alijibu.

Baada ya pigo la ishirini na tano, mjeledi ulijilaza sakafuni ukihema. Mwongozaji alifungua daftari kuukuu.

"Babu yenu alikuwa mtunza bustani," alisoma. "Alimjibu bwana. Viboko ishirini na tano. Hakuamka."

"Babu alikufa kwa homa," dereva alisema, shavu likiwa sakafuni. "Bibi ndivyo alivyotuambia."

"Humu wengi walikufa kwa homa," mwongozaji alisema kwa upole.

Fundi hakuwa akitembea bila sindano na uzi. Alipiga magoti akamshona mdogo wake, mshono mdogo mdogo wa mkono, kidole kilichovunjika kimesimama pembeni. Dereva alijikaza, akauma mkanda wake. Uzi ulipokwisha, fundi aliuokota mjeledi, akasimama mbele ya picha, akampiga bwana yule usoni kwa nguvu zake zote. Mjeledi ulijikunja hewani, ukamgeukia, ukamchana shavu. Akapiga tena. Ukamchana la pili.

"Huko haujui njia," mwongozaji alisema. "Nami nimejaribu." Alilegeza kola, wakaona makovu yamepandana hadi shingoni.

Walitoka wakaenda bustanini, dereva akitembea kama aliyebeba kitu cha kumwagika. Waliuliza kaburi la babu lilipo. Mwongozaji aliwaonyesha makaburi kumi na moja ya mbwa, kila moja na jiwe na jina. Ya watunza bustani hayakuwekewa alama. Katikati ya mawaridi palikuwa na kibao: Bustani hii ilipandwa na bwana kwa mikono yake.

"Kibao hiki kibadilishwe," fundi alisema.

"Andika barua, mama. Wenye nyumba ni wajukuu wa bwana. Nitaipeleka."

Fundi aliandika ukurasa mzima kwenye meza ya mapokezi, damu ya shavu ikidondokea karatasi, na chini akatia sahihi kwa jina la babu yake. Mwongozaji aliipokea kwa mikono miwili. Akafungua droo, akailaza juu ya rundo la barua nyingine, akazikandamiza zote kwa kiganja, akaisukuma droo kwa goti mpaka ikafungika. Kisha akatengeneza kola yake, akaenda mlangoni kuwapokea wageni wa saa tano.