Mkeka wa Mzee Tavita

Shemeji yangu Laurean ana hotuba moja, na kila aliyewahi kula ugali nyumbani kwake Kingsbury, London, anaijua. Anasema watu wa nchi hii hawajui kuomba radhi. Mtu anakukanyaga kwenye treni, anakutupia "sorry" macho yakiwa kwenye simu, basi, yamekwisha. Kwetu Bukoba, atakwambia, mtu akikosa anakuja na wazee wake, anakaa chini, anainamisha kichwa, anasubiri. Dada yangu Placida, ambaye ndiye mkewe, hotuba ikifika hapo huanza kukusanya sahani. Mimi huwa naitikia kwa adabu, maana chumba cha juu nakaa kwa hisani yake na sina haraka ya kuhama.

Mwezi wa tano binti yao Nancy aligongwa na baiskeli ya umeme akivuka barabara, mkono ukavunjika. Aliyemgonga ni Sefo, kijana wa mtaa wa nyuma anayesoma naye shule moja, na kosa lilikuwa la Sefo bila ubishi, kwa sababu alipita taa nyekundu. Jioni ile ile Laurean alikwenda mlangoni kwao na kusema maneno ambayo sitayarudia yote. Alimwambia mama wa kijana, Malia, kwamba kama kisiwani kwao hakuna barabara wangebaki huko huko kwenye minazi yao. Malia ni nesi, amezoea kufokewa. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema samahani, na Laurean akarudi nyumbani akitangaza kwamba hata hao wa visiwani wameshaiga ile "sorry" ya treni.

Niliona vibaya, kwa sababu babu yake Sefo namfahamu. Tulikutana dukani kwa Keyur, Kingsbury Road, wote wawili tumeinamia sanduku la magimbi, akaniambia kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba nachagua vibaya. Jina lake Tavita. Kwao ni Tutuila, katika Samoa ya Marekani, katikati kabisa ya Pasifiki. Nilipokitafuta kisiwa chenyewe kwenye ramani ya simu nilidhani skrini ina uchafu, nikaifuta kwa kidole.

Tangu siku hiyo kila tukikutana tunasimama kuzungumza. Kwao kuna mashelisheli, kuna bandari iliyozungukwa na milima ya kijani, na kuna popo wakubwa wanaoruka mchana kweupe, hawana habari kwamba popo wenzao hulala saa hizo. Bendera ya Marekani ilipandishwa pale mwaka 1900 na mpaka leo iko juu, lakini anayezaliwa pale hazaliwi raia wa Marekani, ni mtu wake tu. Nilimwuliza tofauti ni nini. Alinijibu kwamba unaruhusiwa kufa katika vita vyao, ila huruhusiwi kumpigia kura rais wao, akacheka, akarudi kwenye magimbi yake.

Aliniambia pia kuhusu mkeka wa marehemu mkewe. Aliusuka kwa majani ya mkadi yaliyoloweshwa baharini, yakaanikwa, yakachanwa membamba sana, hata mkeka ukawa laini wa kukunjwa kama kitambaa. Pembeni aliutia manyoya mekundu ya ndege. Ilimchukua miaka. Mkeka wa namna hiyo haulaliwi wala haukaliwi, hutolewa kwenye msiba, kwenye harusi, au siku ya jambo zito. Lile wimbi kubwa la mwaka 2009 lilipoingia kijijini kwao, mama wa watu aliacha sufuria, redio na viatu, akapanda mlima na mkeka begani. Alipofariki, Malia alimleta baba yake London, na mkeka ukaja naye. Sikumwuliza jambo zito maana yake ni nini.

Jumapili iliyofuata baada ya ajali niliamshwa na sauti ya dada yangu chini, anamwita Yesu. Jua lilikuwa bado halijatoka vizuri. Laurean alikuwa amefungua pazia la sebuleni ili aone hali ya hewa kabla ya misa, akaona mtu amekaa chini kwenye saruji mbele ya mlango wetu, amefunikwa mkeka gubigubi, hatikisiki. Nyuma yake watu wawili wamepiga magoti, vichwa chini. Hakuna aliyebisha hodi wala aliyesema neno. Sasa niambieni, Mtanzania gani atafungua pazia alfajiri akute kitu cha namna hiyo mlangoni kwake asiwaze alichowaza shemeji yangu?

"Wametuletea uchawi," alisema.

Placida akashika rozari. Laurean ana shahada mbili na anafanya kazi ofisi za halmashauri, idara ya makazi. Alichukua chupa ya maji ya baraka, akaona hayatoshi, akayamimina kwenye jagi, akaongeza ya bomba na pakiti nzima ya chumvi, akapanda ngazi. Dirisha linaloangalia mlango liko chumbani kwangu. Aliingia bila hodi, mimi nimevuta shuka mpaka kidevuni, akalifungua na kumwaga jagi zima.

Niliruka kitandani nikafika dirishani nimechelewa. Maji yalikuwa yanachuruzika kwenye pindo za mkeka na manyoya mekundu yamelala. Niliuona ule ulaini wake, nikajua ni mkeka gani, na miguu iliyotokeza chini yake nikaitambua kwa zile ndala zake za kila siku.

"Shemeji," nikasema, "huyo ni Mzee Tavita."

Pale chini hakuna aliyesogea. Sefo alikuwa amerukiwa na maji usoni, na hata kuyafuta hakuyafuta. Ng'ambo ya barabara jirani yetu, mama yake Keyur wa dukani, alikuwa amesimama na ufagio mkononi, ameona kila kitu.

Nancy alikuwa ameshafika mlangoni kwangu, mkono wenye plasta umefungwa kifuani. Yule mtoto Kiswahili anakielewa chote, lakini hujibu kwa Kiingereza, na akiambiwa na baba yake jambo asilolitaka hujifanya hajasikia. Siku hiyo alisema Kiswahili.

"Baba, huyo anaomba msamaha. Sefo aliniambia babu yake atakuja. Nilidhani utajua, ni kile kile unachosema kila siku."

Akatueleza, akikwama hapa na pale. Kwao Sefo, mtu wa ukoo akiumiza mtu wa watu, mkuu wa ukoo ndiye anayekwenda, hata kama yeye mwenyewe hakufanya lolote. Anakwenda kabla ya jua, amejifunika kitu chenye thamani kuliko vyote alivyonavyo, anakaa mlangoni kwa waliokosewa na kunyamaza. Zamani waliokosewa waliweza kutoka na panga, naye asingeinua mkono kujikinga. Wakisamehe, mwenye nyumba anatoka, anamfunua, anamkaribisha ndani. Wasipotoka, basi wamekataa, na aibu hiyo ukoo mzima unarudi nayo nyumbani.

Laurean aliketi kwenye kitanda changu, juu ya nguo zangu. Sijawahi kumwona mtu mzima akinywea namna ile. Aliangalia mikono yake, akaangalia dirisha, akaniuliza kama yule mama wa ng'ambo bado yupo. Nikamwambia yupo.

Akaniomba nishuke mimi. Alisema mimi ninajuana na mzee, ningeweza kumweleza vizuri kwamba yeye alikuwa hajui. Nilikataa. Nilimwambia anayekaa kwa hisani hawezi kumfunua mgeni wa mwenye nyumba. Akamgeukia Nancy, naye akawa anaangalia sakafu. Kule chini Placida alikuwa amekwisha kusikia yote kutoka kwenye ngazi, na rozari yake imenyamaza.

"Nitatokaje?" Laurean akasema. "Nimemmwagia maji. Nitamwangalia na macho gani?"

Nilitaka kumwonea huruma nikashindwa. Niliona aibu juu yake, na juu yangu pia, maana nimekula ugali wa mtu huyu nikiitikia hotuba yake miaka yote, na nilipokuwa dirishani wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba mzee atadhani ni mimi niliyemwaga. Kule nje Malia aliinua kichwa kidogo akautazama mlango. Nadhani alikuwa ameshaamini kwamba hatutafungua. Alinyoosha mkono polepole kumgusa baba yake begani, kama anayetaka kumwambia waondoke.

Nancy akasema, "Baba, wanaondoka."

Laurean akashuka. Alishuka na lile jagi mkononi, hana habari nalo. Alilishtukia alipofika mlangoni, akageuka huku na huku kutafuta pa kuliweka, mwishowe akamkabidhi Placida bila kumwangalia. Kisha akafungua.

Mimi nilikuwa bado dirishani, nikiwaona wote kwa juu. Laurean alichuchumaa. Akaushika mkeka mara mbili ndipo akaweza kuuinua. Uso wa Mzee Tavita ulitokea umelowa, macho mekundu, na kwenye nyusi zake nyeupe punje za chumvi ambazo hazikuyeyuka. Shemeji yangu, mtu wa hotuba, alibaki ameushikilia ule mkeka.

Mzee alimwangalia. Kisha akaangalia juu, mbingu ilikuwa nyeupe na safi kutoka Stanmore mpaka Neasden, akapitisha kiganja usoni kujifuta.

"Mvua ya London," akasema, "haitoi taarifa."

Malia aliinamisha kichwa zaidi. Sefo akamtazama babu yake, akatazama mbingu. Hata mimi nililielewa mara moja alilolifanya. Kosa la Laurean alikuwa ameshalifunika, na alilifunika mbele ya mtaa mzima, yeye ambaye ndiye aliyekuja kuomba.

Laurean alijua angeweza kusema kweli pale pale. Nilimwona akiitafuta. Machozi yakamshuka.

"Ndiyo, mzee," akasema. "Imenyesha."

Akausogeza mkeka kifuani kwa mikono miwili, maji yake yakimlowesha shati la misa, akasimama kando ili wageni wapite. Mzee Tavita alijiinua kwa shida, magoti yamekufa ganzi. Alipofika kizingitini alimshika Laurean kiwiko wakaingia pamoja, akimwambia aangalie anapokanyaga, sakafu inateleza.