Gombaneni kwa Mdomo

Kipaza alisimama mbele ya wahadhiri watatu, mdomo kama umeshonwa kwa uzi. Debe tupu huvuma. Hili lake leo hata kuvuma lilikataa.

Mwenzake, binti wa fundi bomba, alimkodolea macho, damu ikimchemka. Si huyu anayewachekesha maelfu mtandaoni kila jioni? Ndiyo maana alimwachia autetee mradi wao wa mtaro wa bweni. Wakianguka leo, hakuna atakayehitimu.

"Tunakusikiliza, kijana," alisema mwenyekiti wa jopo, mama wa makamo.

Kipaza akaonyesha mlango. "Naomba nitoke nje nijirekodi, halafu niwatumie."

Binti nusura apige yowe. Badala yake akachomoa simu, vidole vikaruka: "Mjinga we! Umeniua!" Simu ya Kipaza ikatetemeka mfukoni. Naye, bila haya, akaitoa akajibu. Ya binti ikatetemeka.

Mwenyekiti akatazama huku, akatazama kule. "Mnagombana?"

"Ndiyo, mama," binti akanong'ona.

"Mko chumba kimoja, mnagombana kwa simu! Hebu zileteni hapa. Haya, gombaneni kwa mdomo, na sisi tufaidi."

Kipaza akalipuka. "Amenisusa! Tangu nimwambie mteremko wa mtaro aliouchora una kosa, hanijibu!"

"Nikujibu nini? Ulipima matope yakiwa yamejaa mtaroni! Umepima matope, bwana, hukupima mtaro!"

"Na wewe ukachora bomba jembamba kama mrija wa soda! Bweni zima likioga asubuhi, maji yataenda wapi? Yatakufuata kitandani!"

"Kwani shimo hili la pembeni hulioni?" Binti alikuwa ubaoni tayari, akilichora kwa chaki, hajui amefikaje. "Maji yakizidi yanaingia hapa, taka zinatuama, yanatoka polepole!"

"Basi ungesema!"

"Nimesema sasa!"

Mhadhiri aliyekuwa akipiga miayo akashika kalamu.

Walirudishiwa simu wakiwa wamefaulu, chupuchupu. Hata ukumbi wa nje hawajaumaliza, ya binti ikatetemeka. Kipaza, aliyekuwa begani kwake kabisa, ametuma "Samahani" na kikatuni kinacholia.

Hasira ikampanda upya. Akaisukuma simu yake kifuani kwa Kipaza.

"Mdomo unao, leo nimeuona. Sema!"

Kipaza akaufungua. Akaufumba. Binti akashika kiuno katikati ya njia, akamzibia.

"Mimi sina haraka," akasema.