Kiti cha Barafu

Sanduku la barafu lilibebwa na watu wawili, kwa mikono, bila kuinamishwa. Lekishon alishika upande wa chini. Ngazi ya kushukia kutoka melini ilikuwa na utelezi, upepo uliingia kwenye glavu zake zilizotoboka vidole, na kila alipokanyaga, mtu alimpigia kelele kutoka juu: taratibu, taratibu! Alipobeba magunia ya viazi hakuna aliyewahi kumwambia taratibu.

Msimu ulikuwa umekwisha. Jua, ambalo tangu waje huku ncha ya kusini halikuzama, lilikuwa limeanza kugusa ukingo wa dunia, na bahari nyuma ya meli ilifanya utando kama uji uliopoa. Wakichelewa, meli itashikwa na barafu palepale mpaka mwaka mwingine. Kwa hiyo watu wote walikuwa mbiombio. Wanasayansi walifunga kambi, mabaharia walipakia mapipa na takataka, na kwenye uwanja wa theluji, mbele kidogo, ndege ya mwisho ilikuwa inangoja. Ndege ingefika Cape Town siku hiyohiyo. Meli ingezungukia vituo vingine kwanza, wiki baada ya wiki.

Ndani ya ndege hiyo Lekishon alitaka kiti kimoja tu.

Mkewe, Sinyati, alikuwa amefariki Arusha. Kifua kilimbana, akakimbizwa hospitali, wakaambiwa mtungi wa oksijeni upo mmoja na una mtu. Lesian, kaka wa marehemu, ndiye aliyetuma ujumbe wa sauti.

"Shemeji, wazee wamekaa. Wamesema dada hazikwi mpaka mume wake atupe udongo wa kwanza. Yupo mochwari, anakusubiri. Wewe njoo tu."

Njoo tu. Kana kwamba yuko Sokon One, palepale Arusha.

Walipoliweka sanduku chini hakupumzika. Akamfuata Twahir, mpishi mkuu, mtoto wa Levolosi, Arusha, aliyezeekea baharini. Twahir alikijua Kiingereza cha wakubwa.

"Kaka, twende kwa Brandt. Ukanisemee."

"Si tulishasema asubuhi?"

"Tukaseme tena."

"Wewe Mwarusha una kichwa kigumu!" Twahir akavua aproni. "Haya, twende. Lakini uso huo uubadilishe. Mzungu haombwi kwa sura ya mtu anayedai ng'ombe wake."

Brandt alikuwa kiongozi wa msafara. Zamani aliwahi kupanda Mlima Meru, Lekishon akimbebea mzigo na kumpikia. Akampenda. Akasema watu wa mlimani wamezoea baridi, akamtafutia kazi ya jikoni melini. Kuzoea baridi! Kama vile baridi ni ugali.

Walimkuta kando ya ndege ana kikombe cha kahawa. Alimkumbatia Lekishon, na alimkumbatia kwa dhati, hata macho yakamlowa.

"Pole sana, rafiki. Pole. Pole."

Kiswahili chake kiliishia hapo. Kilichobaki akakisema kwa Kiingereza, Twahir akitafsiri huku anatazama theluji.

"Anasema viti vimejaa."

"Na kile?"

Mlango wa ndege ulikuwa wazi. Kwenye kiti cha dirishani lilikaa sanduku, limesimama wima, limefungwa mkanda kama abiria.

"Ile ni barafu."

"Naona ni barafu. Nimeibeba mimi."

Brandt akaeleza kwa kirefu, mikono ikisaidia.

"Anasema imechimbwa chini sana, ni ya tangu kabla watu hawajakuwepo. Ikiyeyuka hairudi tena. Halafu kuna wakubwa walioigharamia, wanaisubiri."

"Mwambie na mimi kuna anayenisubiri. Mwambie yeye apande meli, mimi nikae kwenye kiti chake."

Twahir akasema neno fupi. Brandt akatabasamu kwa huzuni, akaweka mkono kifuani.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia ahsante."

"Twahir!"

"Unataka ushushwe bandarini bila kazi? Mimi nina watoto, wewe una msiba. Tusichanganye."

Kabla ndege haijaondoka Brandt alikusanya watu wote kwenye theluji. Dakika moja ya kimya, alisema, kwa ajili ya Cynthia; ndivyo alivyolisikia jina la Sinyati. Watu wakavua kofia. Mwanamke mmoja alilia kwa kwikwi, mwingine akapiga picha. Lekishon aliangalia viatu vyake. Dakika ilipokwisha, rubani aliwaambia abiria wavae majaketi mazito: safari nzima hita haitawashwa, kwa sababu ya barafu. Wakacheka, wakafunga zipu hadi kidevuni, wakapanda.

Ndege ikaruka.

Jikoni kulikuwa na viazi vya kumenya. Hakwenda. Alitembea sitahani, mbele mpaka nyuma, nyuma mpaka mbele, simu mkononi, maana mtandao wa meli ulikuwa unakuja na kukatika. Ulipokuja, ulikuja na sauti ya Lesian.

"Shemeji, umepata ndege? Huku si kuzuri. Jokofu la mochwari limekufa. Fundi yupo, amekaa nje kabisa namuona, ila hagusi mpaka mkubwa asaini, na mkubwa yuko semina Dodoma. Kwingine wanasema kumejaa. Sasa tumehangaika kutafuta barafu. Za maji zimeisha, toka Kimandolu mpaka Levolosi hamna, wauza soda wametuwahi. Tumenunua zile za ubuyu. Zile za watoto, za vifuko. Ndizo tulizompangia dada. Na joto hili, zinayeyuka. Shuka lote limekuwa jekundu. Mama ameingia kumuangalia, ameanguka, kadhani ni damu. Mchungaji anauliza, tukusubiri au tuzike? Sema neno, shemeji. Wazee wote wako hapa, nimeweka simu katikati."

Lekishon akabonyeza kurekodi, akasogeza simu mdomoni.

Injini zikanguruma chini ya miguu yake. Meli ikaanza kujivuta. Ubavuni, bonge la barafu kubwa kuliko kanisa likapita polepole likielea, linachuruzika maji, halina mwenyewe. Kwenye kioo cha simu sekunde zilikuwa zinakimbia, zinarekodi upepo tu.