Tunazeesha

Asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, Msafiri alivaa koti la mteja, akafunga vifungo mpaka shingoni, akachukua ufagio. Koti lilikuwa jipya, la turubai ngumu iliyopakwa nta, na kila alipoinama lilikwaruza. Alifagia chini ya meza ya dira, akapanga vikombe vya bati, akafuta vioo vya chemli, akazisogeza sanamu za kuvalishia nguo, zisizo na vichwa, karibu na dirisha. Kufika saa nne viwiko vya koti vilikuwa vimelainika kwa kuchakaa, mabega yamepauka kwa jua, na kwenye pindo kulikuwa na tope jekundu ambalo halikuwa la mtaa ule. Koti lilinuka moshi wa kuni. Msafiri alilivua, akalitundika, akaenda kwenye kioo, akang'oa mvi iliyoota juu ya sikio. Kisha akafungua mlango.

Jina la Msafiri alipewa na mjomba wake, kwa utani, kwa kuwa hajawahi kufika popote. Aliletwa dukani akiwa binti mchanga mgongoni kwa mama yake, baba yake alipofariki, na mjomba akawapa chumba cha nyuma. Hakikuwa chumba hasa. Ilikuwa nafasi kati ya ukuta na pazia kubwa lililochorwa mlima, ambalo mbele yake wateja hupigwa picha wakiwa na shanta mgongoni. Wao waliona theluji na mawingu. Upande wa pili wa theluji mama yake Msafiri alikaa akishona vifungo na kuanika soksi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mjomba hakuwa na jembe, akawapa sindano na ufagio.

Zamani kazi ya Msafiri ilikuwa kuzoesha viatu. Buti za mtindo wa kale, za ngozi nene na njumu za chuma, mtu akizivaa mpya kwenda mlimani atarudi amebebwa. Basi Msafiri alizivaa yeye kwanza, juu ya soksi za sufu, akazunguka nazo dukani mpaka ngozi ikalegea. Mjomba akaona kazi hiyo itangazwe. Akamwita mchora vibao amwandikie TUNAZOESHA VIATU NA NGUO ZA SAFARI. Mchora vibao alikuwa na haraka zake, na alipoteremka kwenye ngazi kibao kilisema TUNAZEESHA. Mjomba alikisoma, akakuna kidevu, akasema herufi ni herufi, na rangi imeshakauka. Tangu siku ile kila alichovaa Msafiri kilizeeka, na yeye akazeeka nacho, maana miaka haibagui: ikishaingia kwenye koti inampata na aliyemo.

Wateja hawakulalamika hata kidogo. Watu wa nyika na milima siku hizi hawataki kuonekana wapya. Wanataka koti lililokwisha kunyeshewa, shanta iliyokwisha kuanguka bondeni, kofia ambayo babu mtu angeitambua. Na katika kuchagua, Msafiri hakuwa na mpinzani. Daktari wa meno wa mtaa wa pili, ambaye husimika hema bustanini kwake na kukimbilia ndani mvua ikianza, Msafiri alimchagulia chemli iliyobonyea ubavu, dira ya shaba ambayo kifuniko chake kilifunga kwa shida, na koti lenye kiraka begani.

"Hiki kiraka nilikipataje?" daktari aliuliza.

"Ulinaswa na mwiba, ukishuka."

Daktari alifikiri kidogo, akaitikia kwa kichwa. Ni kweli, alisema, ilikuwa mteremko mbaya sana.

Kwa umri wa kuzaliwa Msafiri alikuwa bado binti. Lakini wateja waliokuwa wakimwita dada walianza kumwita mama, na hawakujua walianza lini. Mama yake mzazi naye alimwita mama, ila huyo alimwita hivyo tangu utotoni, kwa mapenzi, kama wazazi wanavyowaita mabinti zao. Ikawa vigumu kujua ni siku gani neno lile liliacha kuwa la mapenzi likawa la umri.

Kulikuwa na nguo moja ambayo Msafiri hakuwahi kuivaa. Lilikuwa koti fupi la rangi ya udongo, lenye mifuko mikubwa na kola ya ngozi, alilojichagulia mwenyewe kati ya yote yaliyopita mikononi mwake. Lilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, jipya kama lilivyotoka kwa fundi. Hilo alitaka lizeeke naye polepole, huko nje, kwa jua lake halisi. Alitamani kutoka. Alitamani zaidi jioni, alipokuwa akirudi kulala nyuma ya mlima asioujua.

Mlango wa duka mchana haukuwa na kufuli. Angeweza kutoka. Lakini mama yake angebaki akitazamwaje na mjomba, chakula kikigawiwa? Mjomba hakuwahi kusema kwamba mmoja akiondoka vibaya wote wameondoka. Hakuwa na haja ya kulisema.

Ndipo akaja Kiongozi, mwanamke mrefu wa miguu mikavu, mkuu wa chama cha wapanda milima. Alitaka makoti, buti na shanta za wanachama wake wote, na alitaka wakifika kileleni wafanane na watu wa picha za kale. Msafiri alimchagulia kitu kimoja kimoja, akimweleza kamba ipi itamkata bega na ipi haitamkata. Kiongozi alimsikiliza, mwishowe akamwambia wazi: anahitaji mtu wa vifaa. Wanaondoka Jumamosi, makoti yakiwa tayari. Aje nao.

Msafiri alimwendea mjomba wake. Mjomba alikuwa akisugua dira kwa kitambaa, na hakuinua macho.

"Sikukatazi. Nani amekukataza? Maliza makoti ya watu, uende. Mimi nasema tu, fadhila ya punda ni mashuzi."

Sauti ya mama yake ilitoka nyuma ya theluji. "Maliza, mama. Usimuudhi mjomba wako."

Basi njia ya kwenda mlangoni ilipita ndani ya makoti yale, na Msafiri alilijua hilo. Ila kijana huamini miguu yake. Ili awahi Jumamosi aliyavaa mawili kwa pamoja, kisha matatu, shanta juu yake na buti miguuni, akafagia duka lililokwisha kufagiliwa. Makoti yalipata mikunjo ya mvua kubwa na machozi ya mishumaa. Moja lilipata tundu la cheche. Msafiri alipata kibiongo. Jino la nyuma lilimdondokea ndani ya kikombe cha bati. Akalitoa, akakifuta kikombe, akakirudisha kwenye safu. Mama yake alimsuka nywele, ambazo sasa zilikuwa nyeupe zote, akasema zimekuwa laini kama za marehemu bibi yake. Alimsuka kwa uangalifu, na mwishowe alimshika mkono kumwinua kitini, kwa kuwa kati yao wawili yeye ndiye aliyekuwa na magoti mazuri.

Ijumaa jioni makoti yote yalikuwa tayari. Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Msafiri alikuwa ameishi kwingi mno wiki ile, na alichoona ni ufagio.

Jumamosi Kiongozi aliingia na watu wake, akasema shikamoo kwa bibi aliyekaa karibu na sanamu. Kisha akamtazama vizuri.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

Kiongozi aliitikia kwa kichwa. Alishika mkono wa koti moja, akapitisha kidole kwenye tundu la cheche, akasema kazi ni safi, safi kabisa. Halafu aliangalia magoti ya Msafiri, akayaangalia kwa muda, kama mtu anayepima kamba.

"Njia ina mawe, bibi. Sitaki kukudanganya."

Msafiri alisema ng'ombe hazeeki maini. Watu walicheka kwa adabu, na hakuna aliyesogea kumpisha. Walivaa makoti yao. Mmoja alitia mikono mifukoni akakumbuka dhoruba iliyomkuta bondeni, akaanza kuwasimulia wenzake, nao wakaikumbuka. Wakajipanga mbele ya pazia kupigwa picha. Msafiri aliombwa asogee kidogo, kwa sababu kivuli chake kiliangukia kilele. Nyuma ya mlima mama yake aliacha kushona mpaka picha ikapigwa, ili sindano isitikise mawingu.

Wakati wa kutoka, Kiongozi aliliona lile koti fupi kwenye msumari.

"Na lile?"

"Lile halijazeeshwa," Msafiri alisema.

"Zuri sana. Lizeeshe, nitalichukua tukirudi."

Msafiri alifungua mdomo, lakini mjomba alishajibu kwamba litakuwa tayari. Kengele ya mlango ililia walipotoka. Wakavuka barabara kuu wakiwa wamejipanga, njumu zikigonga lami, na miaka ya Msafiri ikaondoka migongoni mwao mpaka ikakata kona.

Jumatatu mama yake alimletea lile koti. Alimwingiza mkono mmoja, kisha wa pili, akamfunga vifungo alivyovishona kwa mkono wake mwenyewe. Lilimpwaya. Msafiri aliingiza mikono kwenye mifuko mikubwa, na ndani mlikuwa tayari na mchanga kidogo na jani kavu la mti asioujua. Alilishika lile jani. Mama yake alilia kidogo, kwa sauti ya chini, kisha akarudi kwenye vifungo vyake.

Mjomba alikuja na buti mpya za mteja mwingine. Akaona mpwa wake hawezi tena kuinama kuzivaa, na mjomba si mtu mbaya. Alivuta suruali yake juu ya magoti, akapiga goti mbele yake. Wanaosema shikamoo ilitoka kwenye kushika miguu huenda hawakosei. Mjomba aliishika yote miwili, kwa nguvu, akaisukuma mpaka visigino vikakaa, akafunga kamba mafundo mawili.

"Shikamoo," alisema, akiwa bado ameishika.

"Marahaba," alijibu Msafiri, maana shikamoo haina jibu jingine, akanyoosha mkono kuuchukua ufagio.